Kuchora nyumba kwa kompyuta: shida tulizokuta na namna tulizitengeneza

Maneno tuliyotoa mbele ya wanamemba, hapa Sake

Komite ilituomba tuseme juu ya kazi ya kuchora nyumba kwa kompyuta, maana kila juma vijana wanatufikia na maulizo yale yale: mbona nyumba yangu inatetemeka kwenye ekra, mbona ukuta umegeuka pinki, mbona umeme ulikatika na kazi ya usiku mzima ikapotea. Tutayajibu. Lakini turuhusuni tuanze na kosa letu sisi wenyewe, sababu lile kosa njo lilitufundisha zaidi.

Wengi kati yenu, na wengine kati yetu pia, tulitoka hapa mwezi wa pili 2024. Tulikaa Bulengo, Lushagala, wengine kwa jamaa kule Goma, halafu mwaka 2025 kambi zikavunjwa na watu wakarudi. Mtu anafika kwenye parsele yake anakuta msingi wa mawe tu, hakuna mlango, hakuna manjanja. Njo pale tulianza hii kazi: kabla familia haijanunua mbao hata moja, tuchore nyumba, tuhesabu vitu, fundi na mwenye nyumba wakubaliane juu ya kitu kimoja wanachokiona.

Basi kuko mzee mmoja, parsele yake iko upande wa Mubambiro. Tulipima na dekameta, tukachora, tukatoa picha nzuri kabisa. Nyasi za kijani, madirisha ya vioo, hata gari tuliweka pale mbele, sijui gari la nani. Tukamwonyesha. Aliangalia muda mrefu, halafu akauliza: "Na kale kashimo ka nyuma kako wapi?"

Tukaangaliana. Nyuma ya parsele kuko fasi inashuka, katikati ya mawe ya volkano. Mbele ya vita, asubuhi moja, alikuta mbuzi wake wawili wamekufa mule ndani, bila kidonda. Mazuku. Na sisi kwenye mchoro wetu chumba cha watoto tulikielekeza kulekule, na dirisha la chini.

Programu haikuwa na kosa. Ukifungua programu nyingi za namna hii, ardhi inakuja imelala sawa kama meza, na wewe unaanza kujenga juu yake. Hapa kwetu, kutoka Goma mpaka Sake pembeni ya ziwa, ardhi ya meza hakuna. Hewa ya mazuku ni kaboni dioksidi inayotoka chini ya ardhi. Ni nzito kupita hewa ya kawaida, haina rangi, pua haiwezi kukuonya. Inajaa kwenye mashimo na mabonde madogo, zaidi usiku na alfajiri wakati upepo umetulia. Mtu mzima anaweza kusimama kichwa kikiwa juu ya ile hewa na mtoto pembeni yake akawa ndani. Wazee wanayajua haya kuliko sisi wenye diplome. Lakini picha yetu ilikuwa imelifuta shimo, na kama mwenye parsele angekuwa kijana aliyezaliwa kwingine, angejenga tu.

Toka ile siku tunaanza na ardhi, nyumba inafuata. Na kabla ya ardhi, ulizo moja: ile parsele imekwisha kuangaliwa kama hakuna kombora au grenade iliyobaki? Kama bado, usiingie na dekameta yako, ngoja wenye kazi ile waje.

Namna ya kupima mteremko bila mashine ya bei: tafuta bomba la plastiki lenye kuonyesha ndani, mita kumi hivi, jaza maji, toa mapovu yote. Maji ya huku na maji ya kule yanasimama usawa mmoja, hata kama kuko mlima katikati. Mmoja anashika bomba kwenye pembe ya nyumba, mwingine anatembea, kila mita 2 anapima kutoka maji mpaka chini na kuandika. Zile namba unaziingiza kwenye mchoro. Kwenye Blender unatengeneza wavu wa miraba ya mita 2 kwa mita 2, unashusha au kupandisha kila nukta kulingana na daftari lako. SketchUp pia iko na vyombo vya kutengeneza ardhi kwa wavu. Kwenye Sweet Home 3D kazi ya ardhi ni ngumu kidogo. Pale tunachora shimo kwa mstari wa vipande kwenye plani na kuandika MAZUKU kwa herufi kubwa. Haipendezi, lakini inatosha.

Vijana wengi wanauliza programu gani ni nzuri. Sisi tunawaambia: ile mashini yako inaweza. Kama kompyuta ni ya zamani, chukua Sweet Home 3D. Ni ya bure, iko kwa Kifaransa, inatumika bila intaneti, na faili yake inabeba ndani yake kila kiti na kila rangi. Blender nayo ni ya bure kabisa, lakini inaomba uvumilivu na mashini yenye nguvu kidogo. SketchUp ya kuweka ndani ya kompyuta bila malipo ilikoma na ile ya 2017. Ile ya bure ya sasa inafanyika kwenye intaneti, na ninyi mnajua bei ya mega. Mambo ya kupewa programu ya wizi kwenye flashi ya rafiki, tumeyaona mwisho wake: virusi viliingia, tukapoteza faili za familia nne.

Sasa ile nyumba inayotetemeka. Ulizo hili lilitusumbua wiki mbili. Ukizungusha mchoro, kuta zinamulika-mulika, vipande vinakatika, ukisogea karibu nyumba inapotea. Sababu ziko mbili. Ya kwanza: nyuso mbili zimelala fasi moja, mfano sakafu umeichora na juu yake ukachora kapeti bila unene. Kompyuta haijui ipi iko juu, inabadilisha-badilisha. Pandisha moja sentimita 1, imeisha. Ya pili njo ya wale wanaopokea plani kutoka kwa mpimaji wa ardhi. Yeye anaandika alama za dunia nzima: hapa Sake, kwa vipimo vyao, unakuta zaidi ya mita 700,000 kuelekea mashariki na zaidi ya 9,800,000 kuelekea kaskazini. Ukiingiza ile plani, nyumba yako ya mita 6 inakaa mbali sana na sifuri ya programu, kilomita maelfu. Hesabu za kompyuta huko mbali zinakosa udogo wa sentimita, njo maana inatetemeka. Chagua kila kitu, kisogeze mpaka pembe moja ya parsele iwe kwenye sifuri, na uandike kwenye daftari umesogeza kiasi gani. Usisahau kuandika. Siku kukiwa mabishano ya mpaka na jirani, utahitaji kurudisha zile namba.

Jua nalo linadanganya. SketchUp ilizaliwa Boulder, kule Colorado, Marekani, na kwa mazoea yake kivuli kinaanguka kama vile nyumba iko kule. Boulder mwezi wa 12 saa sita mchana jua liko chini, nyuzi kama 27 tu juu ya upeo, na linatoka kusini. Kwetu mwezi huo huo saa sita jua liko karibu juu ya kichwa, nyuzi kama 68. Mwezi wa 6 linahama, linakuwa upande wa kaskazini. Kwa hiyo baraza moja ya kusini haitoshi, na ile picha yenye mwanga mzuri unaoingia mpaka kwenye kiti ni mwanga wa watu wengine. Weka fasi yako: nyuzi 1.6 kusini, 29 mashariki, saa ya Congo ya mashariki. Sweet Home 3D pia iko na dira ya kuweka haya. Dakika mbili tu.

Paa, hapa tusikilizeni vizuri wamama, sababu ni pesa. Vijana wanahesabu mabati kwa kuangalia nyumba kutoka juu. Nyumba ya mita 6 kwa 7, ukiongeza nusu mita ya kutokeza kila upande, kutoka juu unaona mita 7 kwa 8, ni mita za mraba 56. Lakini paa limelala. Kwa mteremko wa nyuzi 30, uso wake wa kweli ni karibu 65. Kasoro 9! Na bado hatujahesabu fasi bati moja linapanda juu ya lingine. Kuko mama mmoja alirudi sokoni mara mbili, kulipa moto mara mbili, juu ya hesabu yetu. Kwenye programu gusa uso wa paa lenyewe ulioinama, usome eneo pale. Usisome sakafu.

Rangi ya pinki ni kitu chepesi. Blender ikikosa picha ya mbao au ya tofali uliyotumia, inapaka pinki. Uliihamisha faili kwa flashi, picha zikabaki kwenye kompyuta ya kwanza. Kabla ya kuhamisha, iambie programu ifunge picha zote ndani ya faili, iko kwenye orodha ya faili. Kama kompyuta ya kwanza iliibwa au ilibaki nyumba iliyoungua, basi, utapaka upya.

Umeme. Sisi tuko tunatumika na paneli ya jua na betri moja, tunajua. SketchUp ikisimama ghafla, tafuta pembeni ya faili yako ingine yenye mwisho wa .skb, badilisha ule mwisho uwe.skp, inafunguka, ni kazi yako ya mara ya mbele. Blender inaacha .blend1 vilevile. Ukitaka kutoa filamu ya kutembea ndani ya nyumba, usitoe filamu moja kwa moja. Toa picha moja-moja zenye namba. Umeme ukikatika kwenye picha ya 140, kesho unaanza na 141. Na picha za majaribio zitoe ndogo: ukipunguza upana na urefu mpaka robo, mashini inafanya sehemu moja tu kati ya 16 ya kazi. Kubwa ni ya mwisho, siku ya jua.

Kuchapa: mkienda Goma kuchapa, mwenye mashini anapenda kubonyeza "ijaze karatasi". Pale pale kipimo chako kimekufa. Fundi anaweka rula juu ya karatasi, anakata mbao fupi. Chora pembeni ya plani mstari wenye urefu wa mita 1 na mita 5, nao utapungua au kukua pamoja na nyumba, fundi atapima kwa ule mstari. Na ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokima, siyo kama picha, maana picha inabanwa na namba hazisomeki tena.

Tumebakisha ile gari na zile nyasi. Tunaomba msamaha kwa mkutano. Tulipobandika zile picha za kwanza ukutani, kuko familia zilifikiri shirika letu la kazi litajenga vile, na vioo. Baba mmoja alikataa kutengeneza shitingi yake mvua ikimpiga, akisema anangoja ile ya picha. Hatukumwahidi kwa mdomo, lakini picha ilimwahidi. Sasa tunachora mbao kama mbao, bati kama bati, dirisha la ubao kama familia iko na ubao, na tunaandika juu: HII NI HESABU, SIYO AHADI. Kijana mmoja alisema picha zetu zimekuwa mbaya. Ni kweli, hazipendezi kwenye telefone. Mwenye mali akiziangalia anatambua nyumba yake.

Yule mzee wa Mubambiro, tulirudi kwake na bomba la maji. Kashimo kalikuwa na mita 1 na sentimita 40 kwenda chini. Tulisogeza nyumba mpaka upande wa barabara, tukapandisha msingi, chumba cha watoto kikageuka kutazama mbele, ukuta wa nyuma hauna tundu la chini. Halafu akatuomba karatasi ya pili, ya shimo peke yake, na mpaka wake umepakwa nyekundu, aipeleke kwa majirani watatu wenye watoto. Mmoja kati yao hakujua. Alikuwa amekwisha kuchimba msingi wa jikoni.

Siku ya tano mchana tutakuwa hapa tena. Betri inatupatia karibu saa tatu, kwa hiyo tutashika parsele mbili tu. Leteni daftari la vipimo, na kama kuko mzee anayejua fasi za mazuku kwenye kartie yenu, mleteni naye.