Ute Ukeni: Kutofautisha Kinga na Ugonjwa



Kutokwa na majimaji ukeni ni miongoni mwa malalamiko ya kila siku katika zahanati zetu, na ni miongoni mwa yanayotibiwa kwa kubahatisha. Mwanamke huambiwa ana fangasi, au PID, yaani maambukizi ya viungo vya ndani vya uzazi, au ile iitwayo UTI sugu, ingawa UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo, na mkojo una njia yake. Hurudi nyumbani na vidonge, baada ya mwezi hali ni ileile, naye huanza kuuhofia mwili wake mwenyewe. Hoja ninayoitetea leo ni moja. Kuwapo kwa ute si dalili ya ugonjwa. Dalili ni ute huo kuacha mwenendo wake wa kawaida kwa mwanamke husika. Asiyeujua mwenendo huo, awe mwenye mwili au mganga anayemtibu, atakosea pande zote mbili: atatibu afya, na ugonjwa utampita.

Uke hauna tezi za ute. Sehemu ya majimaji yake hutoka kwenye tezi za mlango wa kizazi, sehemu hupenya kutoka kwenye kuta za uke wenyewe, na humo huchanganyika na seli kuukuu zilizobanduka na bakteria waliofanya makazi yao hapo. Kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, yote hayo kwa siku ni takribani mililita 1 hadi 4, kiasi kisichojaza kijiko cha chai. Homoni ya estrojeni huzifanya seli za ukuta wa uke zihifadhi sukari aina ya glaikojeni. Sukari hiyo ndiyo inayowalisha bakteria wa jamii ya laktobasila, nao hutoa asidi ya laktiki, hata pH ya uke ikabaki kati ya 3.8 na 4.5. Katika asidi ya namna hiyo vijidudu vingi vya maradhi havistawi. Daktari Mjerumani Albert Döderlein aliwaeleza bakteria hao mwaka 1892, kwa hiyo elimu hii ina zaidi ya miaka 130. Kilichochelewa ni kuifikisha kwa wanaoihitaji.

Ute huu haukai namna moja mwezi mzima. Yai linapokaribia kupevuka huwa mwingi, angavu na wa kuvutika kama ute wa yai la kuku. Baada ya hapo huwa mzito, mweupe au wa maziwamaziwa, na ukikauka kwenye nguo huacha alama ya njanonjano. Mimba huuongeza. Hedhi ikikoma hupungua. Kwa binti, huanza kuonekana miezi kadhaa kabla ya hedhi ya kwanza, na hapa ningependa tutulie kidogo. Mama anayeona alama kwenye nguo ya ndani ya binti wa miaka 11, bila kuwa amefundishwa jambo hili, anaweza kufikiri mtoto ameanza mambo ya kiutu uzima. Binti anahojiwa, anaaibishwa, pengine anachapwa, kwa sababu tu estrojeni imeanza kazi yake. Naona huo ni uonevu mkubwa, na ni uonevu unaozuilika kwa somo la nusu saa darasani. Mtoto mdogo ambaye bado hajaanza kubalehe ni habari nyingine kabisa: majimaji yenye harufu au damu kwake lazima yachunguzwe kwa makini, pamoja na uwezekano kwamba amedhulumiwa.

Madhara hayaishii kwenye hofu. Anayeamini kwamba kila majimaji ni uchafu atatafuta namna ya kuyaondoa, na njia ziko tele: sabuni iliyoingizwa ndani kwa kidole, maji ya ndimu, shabu, kitunguu saumu, asali, vidonge visivyo na jina vinavyouzwa kwa ahadi ya kubana na kukausha. Utafiti uliofanywa Mombasa kwa kuwafuatilia wanawake wanaouza ngono kwa miaka 10, ukachapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba waliojiosha ndani ya uke walipata virusi vya UKIMWI zaidi ya wasiojiosha, na waliotumia sabuni zaidi ya waliotumia maji matupu. Mwaka 2011 ulichapishwa uchambuzi uliojumuisha tafiti 13 za Afrika kusini mwa Sahara zenye wanawake 14,874. Sabuni, vitambaa au karatasi za kufutia ndani, na vitu vya kukausha na kubana, vyote vilihusishwa na ongezeko la maambukizi.

Mtu makini atauliza: huenda ni kinyume chake, kwamba mwenye ugonjwa ndiye anayejiosha zaidi kwa sababu anaona dalili? Swali ni la haki, na sehemu ya uhusiano huo yaweza kuelezeka hivyo. Lakini wanawake hao walifuatiliwa mbele, kabla hawajaambukizwa virusi. Njia ya madhara inaeleweka, kwani sabuni huvuruga asidi na kuikwangua ngozi laini. Na upande wa pili wa mizani hauna kitu, maana hakuna aliyeonyesha faida ya kiafya ya kuosha ndani. Atakayesema kwamba usafi ni sehemu ya dini na malezi yetu, namuunga mkono. Tahara hudai kuoshwa kwa sehemu za nje, na maji safi yanatosha. Makungwi na masomo wanaowafunda wasichana wa pwani wanasikilizwa kuliko daktari yeyote. Wao ndio ningetaka tuwape elimu hii kwanza, kwa heshima inayowastahili.

Tugeukie ugonjwa wenyewe. Ute unapobadilika, sababu kubwa huwa tatu. Ya kwanza ni bakteria wa ukeni kuvurugika: laktobasila hupungua, wengine huzidi, na majimaji huwa mepesi ya kijivu yenye harufu ya shombo inayozidi baada ya kujamiiana. Ya pili ni fangasi aina ya kandida, ambayo kati ya wanawake 4 watatu watakumbana nayo angalau mara moja maishani: muwasho mkali, mabonge meupe, kwa kawaida bila harufu mbaya. Ya tatu ni trikomona, kimelea kinachoenezwa kwa ngono. Shirika la Afya Duniani lilikadiria maambukizi mapya milioni 156 kwa mwaka 2020 pekee. Kuzitofautisha hakuhitaji mitambo ya mamilioni. Tone la majimaji hayo huwekwa kwenye kioo pamoja na tone la maji ya chumvi, kisha chini ya hadubini. Trikomona, kama wapo, huonekana wakirukaruka na kujizungusha. Bakteria wakivurugika, seli za ukuta wa uke huwa zimefunikwa na vijidudu hadi kingo zake hazionekani. Kipande cha karatasi ya kupimia asidi kikionyesha pH iliyopita 4.5, kandida peke yake haielekei kuwa ndiyo sababu. Kazi yote ni ya dakika chache, lakini inataka pazia, mwanga na mhudumu aliyefundishwa.

Badala ya hayo, nchi nyingi zilichukua utaratibu wa kutibu kwa dalili: mwanamke akisema anatokwa na majimaji, mhudumu hufuata chati na kumpa dawa bila kipimo. Watetezi wake watanikumbusha Mwanza, na wana haki. Katika jaribio lililofanywa kwenye jamii 12 za vijijini huko, matokeo yake yakachapishwa mwaka 1995, kuimarisha tiba ya magonjwa ya ngono kwa utaratibu huo kulipunguza maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI kwa takribani asilimia 40. Ni miongoni mwa tafiti zenye heshima kubwa zilizowahi kufanywa Tanzania. Lakini chati ile ina matawi mengi. Tawi la mwanamume anayetokwa na usaha, na lile la vidonda, yana mantiki imara, maana dalili na ugonjwa vinakwenda pamoja. Tawi la majimaji ya ukeni ndilo dhaifu. Wanawake wengi wenye kisonono na klamidia hawana dalili yoyote, kwa hiyo chati haiwafikii kabisa. Na wengi wenye majimaji hawana magonjwa hayo, hivyo wanameza antibayotiki bure huku usugu wa dawa ukikua. Tena wanatumwa kumwita mume naye atibiwe ugonjwa wa zinaa ambao haupo. Ndoa zimetikisika kwa karatasi ya namna hiyo.

Isidhaniwe kwamba mume hahusiki kamwe. Mwaka 2025 utafiti wa Australia ulionyesha kwamba mwanamke mwenye bakteria waliovurugika, mwenzi wake akitibiwa pamoja naye, tatizo lilirudi ndani ya wiki 12 kwa asilimia 35, dhidi ya asilimia 63 pale alipotibiwa peke yake. Hilo linanipa sababu zaidi ya kudai kipimo: huwezi kumwita mwenzi kwa haki kabla hujajua unatibu nini.

Kuna hofu ya mwisho, na ndiyo nzito kuliko zote. Tukisema ute ni wa kawaida, je, wanawake hawatakaa nyumbani na ugonjwa? Mimi naona kinyume. Anayejua ute wake ulivyo mwanzoni na katikati ya mwezi ndiye atakayegundua mapema kwamba leo umebadilika. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Tanzania, inaweza kujitokeza kwa majimaji yenye damu au harufu nzito, na aliyezoea kuambiwa kila mara kwamba ni fangasi hupoteza miezi ya thamani.

Kwa hiyo nawaomba wenye mamlaka ya bajeti: kila kituo cha afya kiwe na hadubini inayofanya kazi, karatasi ya pH, na chumba ambamo mwanamke anaweza kupimwa bila kutazamwa na foleni. Na wewe dada unayenisikiliza, ukiona damu baada ya tendo la ndoa au baada ya hedhi kukoma, homa pamoja na maumivu chini ya kitovu, au majimaji yanayochuruzika ukiwa mjamzito, usipite duka la dawa. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na uombe upimwe kabla ya kuandikiwa dawa.