Fuwele, Chumvi na Zindiko



Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea hadithi ya kubuni aliyoitafsiri kutoka Kiingereza. Ndani yake mna mganga anayemfunga mtu hai katika jiwe angavu, akakaa humo asizeeke wala asioze mpaka afunguliwe. Mwanafunzi aliandika: "alimroga ndani ya kioo." Nilimrudishia karatasi. Kioo si fuwele, lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kuroga. Kuroga ni kudhuru, na katika nchi ambamo vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi, mfasiri hana ruhusa ya kulitupa neno hilo ovyo.

Tuanze na fuwele tuijuayo. Huko Uvinza, mkoani Kigoma, maji ya chemchemi za chumvi yamechemshwa kwa zaidi ya miaka 1,000, na chumvi yake iliuzwa katika soko la Ujiji na kuvushwa ziwa. Samaki akipasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa, watu wa pwani humwita ng'onda. Hata mwili wa Livingstone, aliyekutana na Stanley pale Ujiji mwaka 1871, ulitiwa chumvi na kukaushwa juani na akina Chuma na Susi alipofariki mwaka 1873, ndipo ukaweza kufikishwa Bagamoyo mwaka 1874. Lakini chumvi huhifadhi kilichokwisha kufa. Mtu wa hadithi yetu yu hai.

Kitenzi tukitafutacho, basi, lazima kiwe na njia ya kurudi. Wanawake wa Kibirizi, pale ufukweni Kigoma, wanayo njia hiyo vinywani mwao kila siku: jua likiwaka huanika dagaa, wingu likitanda huanua. Ndivyo ilivyo funika na funua. Ndivyo ilivyo pia zindika na zindua. Kuzindika ni kukikinga kitu kwa dawa kisidhurike. Kuzindua ni kukitoa katika kinga hiyo. (Waheshimiwa wanaotuzindulia vitabu na visima, sidhani kama hukumbuka kwamba wanaagua zindiko.) Kago na fingo nazo ni kinga, ila zimeshikamana mno na shamba na boma.

Nilimshauri aandike "alimzindika ndani ya fuwele", na mwishoni "akamzindua". Akanijibu kwamba wasomaji watadhani utepe unakatwa. Nikamwambia awaache wacheke kidogo, mradi wasimwone mchawi mahali asipokuwapo.