Ufundi ni mali isiyoporwa

Maneno yaliyosemwa mbele ya viongozi na familia za wahamiaji na wenyeji



Aliyekimbia vita anajua: shamba linabaki nyuma, mbuzi wanaporwa, lakini ufundi unavuka mto pamoja na mwenyewe. Tena kijana mwenye kazi hashawishiki upesi kushika bunduki. Ndiyo sababu leo ninasema juu ya mafunzo ya umakanika.

Shida yetu inajulikana. Vijana wengi wanazunguka injini moja. Aliye nyuma haoni kitu, na mwalimu anaogopa kuwaachia, maana kipuri kikivunjika, somo limekwisha. Hapo kompyuta inasaidia. Ziko programu zinazoiga mashine. Kwenye kioo kijana anaona ndani ya injini: pistoni inavuta hewa na mafuta, inakandamiza, mlipuko unaisukuma, kisha moshi unatoka. Anaisimamisha, anairudisha nyuma, anakosea mara kumi bila kuharibu kitu.

Kwa kujifunza nguvu na mwendo, ziko programu za PhET, zilizoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani. Ni za bure, nyingine ziko kwa Kiswahili, na zikiisha kupakuliwa hazihitaji intaneti. Moja inaonyesha ubao wa kupimia uzito: kilo 20 zilizo mita 1 kutoka katikati zinalingana na kilo 10 zilizo mita 2. Kumbe ndiyo maana spana yenye mkono mrefu inalegeza nati iliyogoma!

Lakini tusidanganyane. Kompyuta haina grisi, wala haifundishi mkono kujua nati imekazwa vya kutosha. Kwanza kioo, kisha garaji.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi mambo matatu. Kwanza, orodha ya wanafunzi isomwe mbele ya wote, maana orodha ya siri inazaa chuki. Pili, kwenye kila kompyuta wakae wawili, mhamiaji na mwenyeji. Tatu, wasichana wasiachwe nyumbani.

Nanyi wenye magaraji, wapokeeni vijana hawa wazoeze mikono. Gari likiharibika njiani, hakuna anayeuliza fundi ametoka kijiji gani.