Ndege wa Msituni na Afya Yako

Leo tunazungumza kuhusu ndege wa porini, wale wa misitu kama Kakamega na Arabuko-Sokoke. Labda unajiuliza, ndege wa msituni wananihusu nini? Wanakuhusu. Asubuhi wako msituni, mchana wako shambani kwako, na jioni wametua juu ya mabati unayokingia maji ya mvua.

Ndege wengi hawana madhara. Lakini baadhi yao hubeba bakteria bila wao wenyewe kuonekana wagonjwa. Kuna aina tatu ambazo ni vyema uzijue. Ya kwanza ni salmonela, inayoleta kuhara, homa na maumivu ya tumbo. Ya pili ni kampilobakta, ambayo pia huharisha, wakati mwingine kwa damu. Ya tatu huleta homa ya kasuku. Jina lisikudanganye, kwa maana hata njiwa na ndege wengine huibeba. Kinyesi chao kikikauka hugeuka vumbi, na anayelivuta vumbi hilo anaweza kuugua mapafu.

Je, wataalamu hujuaje ni ndege gani wana bakteria hizi? Alfajiri hutega nyavu nyembamba kati ya miti. Ndege akinaswa hutolewa polepole, hupimwa uzito na kuvishwa mguuni pete ndogo yenye nambari. Kijiti chenye pamba hupitishwa mahali anapotolea kinyesi, kisha ndege huachiliwa aende zake. Pamba ile hupelekwa maabara, bakteria zikaoteshwa na kujaribiwa dawa, ili ijulikane ni dawa gani inayoziua. Ndege huyo akinaswa tena siku nyingine, ile pete hueleza ametoka wapi. Kuvisha ndege pete si jambo geni hapa Kenya. Kule Ngulia, Tsavo Magharibi, kazi hiyo ilianza mwaka wa 1969 kwa ndege wanaohama kutoka ng'ambo.

Uchunguzi kama huu una faida gani? Mwaka wa 2002, katika eneo la Blue Mountains nchini Australia, watu wengi waliugua mapafu kwa ugonjwa uliodhaniwa kuwa homa ya kasuku. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliowashika ndege wa porini, na wale waliokata nyasi kwa mashine isiyo na kikapu cha kukusanyia nyasi. Na huko Marekani, mwaka wa 2021, watu 29 katika majimbo 12 waliugua salmonela iliyohusishwa na ndege wadogo wa porini.

Sasa msikilizaji, shika jambo hili moja. Homa ya kasuku huanza kwa kawaida siku 5 hadi 14 baada ya kuambukizwa. Mgonjwa hupata homa, kichwa na misuli humuuma, na hukohoa kikohozi kikavu. Ni rahisi kudhani ni malaria au nimonia ya kawaida. Lakini penisilini haiutibu vizuri ugonjwa huu. Dawa inayotumika zaidi ni doksisaiklini. Daktari hawezi kuukisia kama hujamweleza. Kwa hivyo, ukiugua baada ya kushika ndege au kufagia kinyesi chao, nenda kituo cha afya na useme waziwazi: "Daktari, nilishika ndege." Maneno hayo machache yanaweza kuokoa maisha. Usijinunulie dawa dukani kwa kubahatisha.

Ili kujikinga, fanya haya:

Kwanza, usiokote ndege mgonjwa au aliyekufa kwa mikono mitupu. Wakatazeni watoto pia. Mkiona ndege wengi wamekufa mahali pamoja, mwarifuni afisa wa mifugo au wa wanyamapori.

Pili, wavulana wenye manati na yeyote anayenyonyoa ndege, wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Nyama iive kabisa, isibaki na damu.

Tatu, maji ya mvua ya kwanza yaache yaoshe paa na yamwagike. Funika tangi, na uchemshe maji ya kunywa.

Nne, kabla ya kufagia kinyesi kikavu, kinyunyizie maji na ufunike pua na mdomo kwa kitambaa.

Mwisho, tusiwaue ndege wala kukata miti wanamolala kwa sababu ya hofu. Ndege hula wadudu waharibifu na kusambaza mbegu za miti. Wanaochunguzwa na wataalamu huachiliwa wakiwa hai, nasi tunapata habari mapema. Wewe nawe timiza sehemu yako: nawa mikono, chemsha maji, na umweleze daktari ukweli.

Hadi tutakapokutana tena, nakutakia afya njema. Kwaheri.