Maandalizi ya Magari ya Utalii Yaliyolala Masika: Suala la Mafuta ya Breki

Mada kwa mafundi na madereva wa magari ya utalii, Arusha

1. Utangulizi

Nimeombwa nizungumzie magari yanayolazwa masika, kati ya Machi na Mei, na kurudishwa kazini wageni wanapoanza kumiminika mwezi Juni. Kwa kuwa waliomo humu wote ni watu wa kazi, mambo ya msingi nitayapitia haraka.

2. Maana

Gari lililolala, kwa mujibu wa mada hii, ni lile ambalo halikutembea kwa wiki kadhaa, hata kama lilikuwa linawashwa uani. Kuliandaa ni kulikagua, kulihudumia na kulijaribu kabla ya kubeba abiria.

3. Maandalizi ya jumla

Betri ichajiwe na vichwa vyake visafishwe. Tanki la dizeli lililoachwa nusu huingia maji, hivyo chujio lifunguliwe chini maji yatoke. Tairi zikaguliwe upepo, mipasuko ya ubavuni na umri: tarakimu 4 za mwisho za msimbo wa DOT ni wiki na mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Boneti ifunguliwe kabla ya kuwasha, maana panya hujificha humo na kutafuna nyaya. Hayo tunayajua, na kwa sehemu kubwa tunayatekeleza.

4. Mafuta ya breki

Tusilolitekeleza ni hili. Mafuta ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu wa hewa, unaopenya polepole kupitia hozi za mpira na mfuniko wa chupa yake. Mafuta mapya ya DOT 3 hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kufikia karibu asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa ni nyuzi 140 tu. Kwa DOT 4 ni kutoka 230 hadi 155.

Sasa lipelekeni gari lenye mafuta hayo Ngorongoro. Kutoka ukingoni hadi sakafu ya kreta ni mteremko wa takriban mita 600. Dereva anashuka njia ya Seneto, gari limejaa wageni, mguu haubanduki kwenye breki. Pedi zinapata moto, moto unaingia kwenye kalipa, maji yaliyomo kwenye mafuta yanageuka mvuke. Mafuta hayagandamiziki, mvuke unagandamizika. Pedali inazama.

Hapo ndipo ubishi wetu wa kila msimu unapoanzia. Gari likifika chini na kupoa, pedali inakuwa ngumu tena. Linarudi Arusha, fundi anakanyaga uani, breki zipo. Anaandika "hakuna tatizo", na dereva anaambiwa ni mwoga wa miteremko.

Nimefungua kalipa za magari yaliyotoka kupigwa rangi na kuvishwa viti vipya, mafuta yakatoka meusi kama kahawa, na pistoni ikawa na mkanda wa kutu pale mpira unapokaa. Kwenye chupa kule juu mafuta yalikuwa safi, kwa sababu kulikuwa na mtu anaongezea. Kuongezea si kubadilisha. Tena mafuta yanayopungua ni dalili ya pedi kulika au ya uvujaji. Anayeongezea bila kuchunguza anaifuta dalili yenyewe.

Sina nia ya kunyooshea kidole kampuni yoyote, na natambua kwamba mwezi Mei fedha huwa haba. Hata hivyo, ombi la chupa chache za mafuta ya breki kurudishwa na maneno "subiri msimu uanze", huku stika mpya za milangoni zikiwa zimeidhinishwa, ni jambo gumu kulielezea kitaalamu.

5. Mapendekezo

(i) Gari lililolala libadilishiwe mafuta ya breki kabla ya safari ya kwanza, iwapo yamefikisha miaka 2 au tarehe yake haijulikani.

(ii) Kazi ianzie gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, na iendelee mpaka mafuta yatoke safi kwenye magurudumu yote 4.

(iii) Itumike aina iliyoandikwa kwenye mfuniko. Oili ya injini isiingie kamwe, kwani huvimbisha mipira.

(iv) Chupa iliyokaa wazi kwenye shelfu isitumike.

(v) Tarehe ya kubadilisha ibandikwe karibu na masta silinda.

(vi) Asiongezee mtu mafuta kabla ya kukagua pedi na uvujaji.

(vii) Gari lijaribiwe kwenye mteremko likiwa na uzito, si uani.

(viii) Madereva washuke kreta kwa gia nzito.

(ix) Taarifa ya dereva kuhusu pedali iliyozama ipokelewe kama ushahidi, hata kama gari limeshapoa.

(x) Bajeti ya mafuta ya breki itengwe kabla ya Machi, ili pendekezo la (i) lisikwame ofisini.

6. Hitimisho

Mtaona kwamba pendekezo la kwanza na la mwisho ni jambo lile lile. Nimefanya hivyo makusudi. Likitekelezwa hilo moja mwaka huu, hayo mengine tunaweza kuyajadili mwakani.