Mkono wa Idi Utolewe Mlangoni: Kuandaa Nyumba kwa Usalama wa Watoto

Mazungumzo kwa wakazi katika baraza la mtaa kabla ya sikukuu



Kila Ramadhani inapokwisha na mwezi kuandama, watoto wa Pwani huwa na safari yao. Wakishavaa nguo mpya na kuamkia wakubwa nyumbani, hutoka kwa makundi, nyumba hadi nyumba, kupokea mkono wa Idi. Huyu hupewa sarafu, yule peremende, mwingine visheti. Jirani asiye Mwislamu naye huweka chochote tayari, kwa kuwa mtoto anayebisha hodi hachagui mlango. Desturi hii ni ya mtaa mzima.

Hata hivyo, siku hizi yako mageti yanayofungwa mapema siku ya Idi. Mwenye nyumba huogopa lawama: mtoto akiungua au akiumwa na mbwa, nani atajibu? Hofu hiyo ina msingi, ila dawa yake si kufuli. Dawa yake ni kuiandaa nyumba. Mtoto akishaingia getini ni amana ya mwenye nyumba hadi atoke.

Mwezi huweza kuandama usiku wa 29, na Idi ikawa kesho yake. Kwa hiyo maandalizi yasingoje siku yenyewe. Yaanze siku mbili kabla. Mwenye nyumba achutame hadi kimo cha mtoto wa miaka minne, kisha atazame njia yote kutoka getini hadi mlangoni. Ataona misumari iliyochomoza, vigae vilivyovunjika, waya wa umeme ulioning'inia na ngazi isiyo na mwanga. Vyote hivyo virekebishwe au vizibwe. Kisima, tangi la chini ya ardhi na shimo la maji machafu vifunikwe kwa kifuniko kizito ambacho mtoto hawezi kukisogeza. Ndoo za maji zimwagwe au zifunikwe, maana mtoto mchanga anaweza kuzama hata kwenye maji machache.

Jikoni nako kuna kazi. Sufuria ya pilau na karai la mafuta ya kaimati mara nyingi huinjikwa uani, palepale watoto wanapopita. Jiko lihamishiwe nyuma ya nyumba, au liwekewe kizuizi na mtu mzima wa kulisimamia. Mtoto akiungua, sehemu iliyoungua imwagiliwe maji baridi ya mfereji kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, mafuta wala yai. Wakati wa Idi ya kuchinja, visu navyo vifungiwe mara kazi inapokwisha.

Mafuta ya taa na dawa za kusafishia zisitiwe kamwe kwenye chupa za soda. Mtoto mwenye kiu siku ya sikukuu haulizi, hunywa. Ikitokea ameyanywa mafuta ya taa, asitapishwe. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa ile ichukuliwe pamoja naye.

Mbwa afungwe nyuma ya nyumba tangu asubuhi, hata akiwa mpole, kwani makelele ya watoto wageni humtisha. Mtoto akiumwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Kidonda kidogo pia huweza kuleta ugonjwa huo, na dalili zake zikishaanza, kupona ni nadra mno.

Zawadi nazo zichaguliwe. Peremende ngumu, njugu na kashata za njugu zinaweza kumpalia mtoto wa chini ya miaka mitano. Huyo apewe biskuti laini, au tende iliyotolewa kokwa na kukatwa vipande. Sarafu yake akabidhiwe dada au kaka aliyemleta, asije akaitia mdomoni. Vichezeo vya taa vyenye betri ndogo za duara visitolewe kwa wadogo: betri hiyo ikimezwa huweza kuunguza koo ndani ya saa mbili.

Limebaki jambo ambalo watu huona haya kulitaja. Mkono wa Idi hutolewa mlangoni, mbele ya macho ya watu. Mtoto wa mwenzio haitwi chumbani, hatengwi na kundi lake, wala haambiwi arudi baadaye akiwa peke yake. Mwenye nia njema hapotezi kitu kwa kufuata kanuni hii, na mwenye nia mbaya hukosa pa kujificha. Wazazi nao wawatoe watoto kwa makundi, pamoja na mkubwa mmoja, wapite nyumba zinazojulikana, wajihadhari na bodaboda na tuktuk, na wawe nyumbani kabla ya Magharibi.

Mtoto akirudi na habari ya mtu aliyemtia hofu, asikaripiwe. Asikilizwe. Nambari 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bila malipo, mchana na usiku. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamlinda kila mtoto dhidi ya dhuluma, na mzee wa mtaa hana mamlaka ya kuimaliza kesi ya namna hiyo kwa chai na msamaha.

Wazee waliopo hapa walipita milango hiyohiyo walipokuwa wadogo, na wanakumbuka hadi leo nyumba iliyowapokea vizuri. Watoto wa sasa nao wanastahili kumbukumbu hiyo. Geti lifunguliwe, kisima kifunikwe, jiko lisogezwe, na mtu mzima akae barazani na bakuli lake. Hodi ikipigwa, aitikie: karibuni.

Idi njema kwa wote.