Somo la Redio: Kununua Kamera Ndogo

Wasikilizaji wa madarasa ya watu wazima, ninyi mlio Usinge, na wenzenu wa Kaliua, Urambo na Tabora, shikeni kalamu. Leo tutazungumza juu ya kamera ndogo ya dijitali, na jinsi mtu anayeanza, mwenye fedha chache, awezavyo kuichagua.

Kwanza jiulize: Nataka kamera kwa kazi gani? Kama wataka picha za nyumbani tu, na simu yako hupiga picha safi, usinunue kamera. Tunza fedha zako. Lakini kama wataka kupiga picha za harusi na mikutano upate riziki, yafaa uwe na kamera yenye lenzi inayomvuta karibu mtu aliye mbali.

Pili, usidanganyike na hesabu ya nukta. Picha ya dijitali ni nukta nyingi zilizopangwa pamoja. Kamera ya kwanza ya namna hii ilitengenezwa na Steven Sasson wa kampuni ya Kodak, huko Marekani, mwaka 1975. Picha yake ilikuwa na nukta 10,000 tu. Siku hizi twahesabu kwa mamilioni, na nukta milioni moja huitwa megapikseli. Muuzaji atakuambia, "Hii ni 20, yashinda ile ya 12." Usikubali upesi. Picha ya karatasi ya sentimita 10 kwa 15, ili iwe safi, yataka nukta 1,200 kwa 1,800. Zidisheni. Mmepata ngapi? Ni 2,160,000, yaani megapikseli 2 na kidogo. Basi 12 zatosha sana.

Tatu, soma maneno yaliyo juu ya boksi. Neno Optical lahusu lenzi yenyewe kuvuta picha karibu. Picha hubaki safi. Neno Digital lahusu kamera kukata kipande cha picha na kukipanua, picha huharibika. Tazama namba iliyo karibu na neno Optical, ile nyingine iache.

Nne, kumbuka kadi na betri. Kamera iliyotengenezwa kabla ya mwaka 2006 kwa kawaida haisomi kadi ya SD iliyozidi gigabaiti 2. Baadhi ya kamera za zamani za Olympus na Fujifilm hutumia kadi iitwayo xD, ambayo haitengenezwi tena. Ukinunua kamera kama hiyo kwa sababu ni rahisi, utahangaika kutafuta kadi yake.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme umeuza asali, nawe umeweka akiba ya shilingi 200,000. Usizitoe zote kwa kamera. Kamera 140,000, kadi 20,000, betri ya pili 25,000. Zimebaki 15,000 za kusafisha picha za kwanza. Huu ni mfano tu. Bei utaziuliza dukani.

Tano, jaribu kabla ya kulipa. Reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 yapita Usinge, lakini ukinunua Tabora na kurudi nyumbani, si rahisi kwenda tena kudai fedha zako. Kwa hiyo, hapo hapo dukani, fanya hivi: Washa na kuzima kamera mara tano. Lenzi itoke na kuingia bila kukwaruza. Piga picha ya ukuta mweupe. Ukiona madoa, ndani mna vumbi au ukungu. Piga picha nyingine penye giza kidogo, uone kama taa yake yawaka. Weka kadi yako mwenyewe, utazame kama picha zimeingia. Muuzaji akikataa usijaribu, mwage na uende duka jingine.

Ukisha kununua, piga picha za watu kivulini, asubuhi au jioni. Jua la utosini hutia giza machoni. Kamera za bei ndogo hupokea mwangaza kidogo, hivyo ndani ya nyumba msogeze mtu karibu na dirisha.

Maswali ya darasani:

1. Kamera ya megapikseli 20 yashinda ya 12 daima? Eleza.
2. Una shilingi 180,000. Kadi ni 20,000 na betri 25,000. Zimebaki ngapi za kamera?
3. Andika mambo matatu utakayojaribu dukani.

Kwaherini, wasikilizaji.